Vikombe Juu ya Jiwe: Maisha ya Daktari Erik Acharius

Kila askari aliyepata kulala nyikani au kushika zamu karibu na mwamba amekwisha kuyaona mabaka yaliyoganda juu ya mawe na juu ya magome ya miti. Mengine ni ya kijivu, mengine ya manjano, na mengine yana rangi ya chungwa kana kwamba mtu amemwaga rangi akaenda zake. Katika misitu ya milima mirefu, kama vile Rwenzori, Elgon na Kilimanjaro, viumbe vya namna hiyo huning'inia matawini mfano wa ndevu za mzee. Watu wengi hupita bila ya kuvitazama mara ya pili, na wengine hudhani kuwa ni uchafu au ugonjwa wa mti. Wataalamu huviita likeni.

Leo tumekusudia kuwaelezea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyevitazama viumbe hivyo mara ya pili, na mara ya elfu. Jina lake ni Erik Acharius, daktari wa serikali katika nchi ya Sweden, aliyezaliwa mwaka 1757 na kufariki mwaka 1819. Wanasayansi wa dunia nzima humheshimu kuwa ndiye baba wa elimu ya likeni. Hakuwa jemadari wala waziri. Alipewa kituo cha kazi katika mji mdogo ulio mbali na makao makuu, akakaa huko mpaka mwisho wa uhai wake, na kutoka huko akaipanga upya sehemu nzima ya elimu ya viumbe.

Tunalotaka wasomaji walishike katika habari hii ni jambo moja. Acharius aliamua kuwa likeni itambuliwe hasa kwa kikombe chake kidogo cha uzazi, wala si kwa rangi wala kwa umbo la nje peke yake. Uamuzi huo ulisimama imara hata baada ya kubainika, miaka karibu 50 baada ya kufa kwake, kwamba yeye mwenyewe hakujua likeni ni kiumbe cha namna gani.

UTOTO NA MASOMO

Acharius alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1757 katika mji wa bandari wa Gävle, kaskazini ya Stockholm. Mwaka 1773, akiwa bado kijana mdogo, aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala. Wakati ule Uppsala ilikuwa na mwalimu mmoja ambaye sifa zake zilienea pande zote za Ulaya, naye ni Carl Linnaeus, mtu aliyeanzisha desturi ya kukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini. Desturi hiyo ingali inafuatwa hata leo.

Linnaeus alikuwa amezeeka na afya yake imedhoofika kwa kiharusi. Acharius alijaliwa kuwa mwanafunzi wa mwisho kutetea tasnifu mbele yake, mwezi wa Juni 1776, naye Acharius hajatimiza miaka 19. Linnaeus alifariki mwezi wa Januari 1778.

Tasnifu hiyo ilihusu kiumbe cha bara letu la Afrika. Mtaalamu mwingine wa Sweden, Carl Peter Thunberg, aliyekuwa amesafiri katika nchi ya Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, alikuta huko kitu cha ajabu kinachochomoza ardhini. Hakina majani, hakina rangi ya kijani, nacho huishi kwa kunyonya mizizi ya mimea mingine. Mwaka 1775 Thunberg alikitangaza kuwa ni aina mpya ya uyoga, akakiita Hydnora africana. Tasnifu ya mwaka 1776 ilikieleza kitu hicho hicho kuwa ni mmea kamili, kwa kuwa kina ua na tunda. Mmea wa ukoo huo huo, Hydnora abyssinica, hupatikana pia katika sehemu kavu za Kenya na Tanzania.

Yafaa tuseme kweli kwamba katika desturi ya vyuo vya siku zile, mawazo ya tasnifu mara nyingi yalikuwa ya profesa, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuyatetea hadharani. Hata hivyo somo lililokuwamo halikuweza kumpita kijana mwenye akili. Mtu aliyeangalia umbo la nje aliona uyoga. Mtu aliyechungulia viungo vya uzazi aliona mmea wenye maua. Acharius alianza safari yake ya elimu kwa somo hilo, na tutaona namna alivyolitumia.

Baada ya Uppsala alifanya kazi ya kuchora katika Chuo cha Sayansi cha Kifalme huko Stockholm. Kazi hiyo ilimzoeza jicho na mkono, maana mchoraji hawezi kuchora asichokitazama vyema. Kisha alisomea utabibu, na mwaka 1782 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Sweden.

KITUO CHA KAZI VADSTENA

Mwaka 1785 Acharius aliteuliwa kuwa daktari wa mji wa Vadstena. Mji huo uko kando ya Ziwa Vättern, upande wa mashariki. Wakati uliopita ulikuwa na sifa kwa ajili ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa na Mtakatifu Birgitta, na kwa ngome ya wafalme. Katika zama za Acharius sifa hiyo ilikuwa imepungua sana, na mji ulikuwa mdogo na mtulivu. Mwaka 1789 aliongezewa mzigo, akawa daktari wa serikali wa wilaya, na tangu mwaka 1795 akawa msimamizi wa hospitali mpya iliyojengwa hapo Vadstena kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi ya zinaa.

Wasomaji wetu wanafahamu maana ya kuwa mtumishi wa serikali katika wilaya. Daktari wa namna hiyo hakuwa na saa maalumu za kazi. Palipozuka maradhi ya kuambukiza, ilimpasa afike. Maskini walipougua, ilimpasa awatazame. Njia zilikuwa za farasi na mikokoteni, majira ya baridi yalikuwa marefu, na usiku wa nchi zile wakati wa baridi huanza mchana. Acharius hakuacha kazi hiyo ili apate kuwa mwanasayansi, wala hakutumia sayansi iwe kisingizio cha kuacha wagonjwa. Vyote viwili alivibeba pamoja kwa zaidi ya miaka 30.

Vadstena haikuwa na chuo kikuu wala maktaba kubwa ya elimu ya mimea. Alichokuwa nacho Acharius ni mawe, kuta za kale, magome ya miti na muda mfupi baina ya wajibu mmoja na mwingine. Tena likeni haina msimu. Maua hunyauka na majani hupukutika, lakini likeni hubaki juu ya jiwe masika na kiangazi, joto na baridi. Anayetaka kuichunguza huikuta palepale alipoiacha jana. Kwa mtu asiyeweza kuipangia kazi yake nafasi, hiyo ilikuwa faida kubwa.

VIUMBE VISIVYOHESHIMIWA

Hapana budi tueleze hali ya elimu ya likeni kabla ya Acharius. Linnaeus mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1753, alizikusanya likeni zote alizozijua, takriban aina 80, akazitia katika ukoo mmoja tu ulioitwa Lichen. Likeni ya jiwe iliyo kama gamba, likeni ya mti iliyo kama ndevu, na likeni ya ardhini iliyo kama kichaka kidogo, zote zilikuwa chini ya jina moja. Bwana huyo mkubwa alizihesabu kuwa ni mafukara katika ulimwengu wa mimea, akaelekeza nguvu zake kwenye maua.

Ikiwa kamanda ataambiwa kwamba watu wote wasiovaa sare ni wa kundi moja, raia, mfanyabiashara, msafiri na jambazi, hataweza kutoa amri yo yote yenye maana. Ndivyo ilivyokuwa kwa likeni. Jina moja lililofunika vitu vingi lilizuia watu wasivitambue. Wataalamu wengine wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuanza kuugawa ukoo ule, lakini kila mmoja alifuata njia yake, na hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa.

Acharius alitiwa moyo na rafiki yake Olof Swartz wa Stockholm, mtaalamu wa mimea aliyekuwa amesafiri mpaka visiwa vya Karibi. Kitabu chake cha kwanza kikubwa, kuhusu likeni za Sweden, kina tarehe ya 1798. Humo bado aliliheshimu jina la mwalimu wake, akaziacha likeni zote katika ukoo mmoja, ila alizipanga katika vikundi ndani yake. Kisha mwaka 1803 akatoa kitabu cha pili kilichoitwa Methodus. Katika hicho alivunja ukoo ule mkuu na kuufanya koo nyingi, kila mmoja na jina lake na maelezo yake. Alikuwa mtiifu kwa mwalimu, lakini utiifu huo haukumzuia kusahihisha palipohitaji kusahihishwa. Mwaka huo huo wa 1803 alipewa heshima ya uprofesa, ingawa aliendelea kuwa daktari wa Vadstena.

KIKOMBE NA MAANA YAKE

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi yake. Mtu akichukua kipande cha gome lenye likeni na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ataona juu yake vikombe au visahani vidogo vya mviringo. Vingi vina upana wa milimita moja au mbili, na vichache hufikia sentimita na zaidi. Katikati pana sakafu yenye rangi yake, nyeusi, ya kahawia, nyekundu au ya manjano, na pembezoni pana ukingo uliozunguka kama mdomo wa kikombe. Baadhi ya uyoga nao una maumbile hayo. Katika misitu yenye unyevu huonekana uyoga ulio kama bakuli au kikombe chenye rangi ya kupendeza, ukiota juu ya vipande vya miti iliyooza.

Acharius alivipa vikombe hivyo vya likeni jina la Kilatini lililotokana na Kigiriki, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitamka apothesia. Asili yake ni neno lenye maana ya ghala, mahali pa kuwekea akiba. Neno hilo hilo la Kigiriki ndilo lililozaa jina la duka la dawa katika lugha kadhaa za Ulaya, kwa hiyo kwa daktari halikuwa geni. Lilikuwa jina la kufaa, kwa sababu ndani ya kikombe ndimo likeni huweka akiba ya kizazi chake. Mwili wa likeni, usio na shina wala majani ya kweli, aliuita thalusi. Unga mzito unaotokea juu ya baadhi ya likeni aliuita soredia. Maneno hayo yote yangali yanatumiwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Hoja yake ilikuwa hivi. Rangi ya likeni hubadilika ikilowa au ikikauka. Ukubwa wake hutegemea umri na mahali. Lakini kikombe hufuata namna maalumu katika kila ukoo, jinsi kilivyokaa, jinsi ukingo wake ulivyoumbwa, na jinsi sakafu yake ilivyo. Polisi mpelelezi hamtambui mtu kwa koti lake, kwa sababu koti huvuliwa. Hutafuta alama isiyobadilika, kama vile alama za vidole. Acharius alikitafuta kitu cha namna hiyo katika likeni, akakikuta katika kikombe.

Tutoe mfano mmoja. Kuna likeni nyingi za mawe na magome ambazo kwa mtu apitaye ni magamba ya kijivu tu. Acharius alitenga baina ya ukoo aliouita Lecanora na ule aliouita Lecidea. Katika Lecanora, ukingo wa kikombe una rangi ile ile ya mwili wa likeni, kana kwamba mwili umeinuka ukakizunguka kikombe. Katika Lecidea, ukingo ni wa kikombe chenyewe, aghalabu mweusi kama sakafu yake, na mwili wa likeni haukuchangia kitu. Tofauti hiyo ndogo, inayohitaji jicho la subira, ingali ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa likeni hata leo.

Wasomaji wasidanganyike na kila kitu chenye umbo la kikombe. Kuna likeni za ukoo wa Cladonia zinazosimama ardhini mfano wa bilauri ndogo za kijivu. Bilauri hiyo siyo apothesia. Ni kikonyo kilichopanuka juu, na apothesia za kweli ni vifundo vya kahawia au vyekundu vinavyoota kwenye ukingo wake. Kosa hilo ni jepesi kulifanya, na uchunguzi wa haraka haukomboi mtu nalo.

Likeni nyingine zilizokuwa zikiota juu ya miamba, zenye umbo la jani jeusi lililoshikwa katikati, alizitia katika ukoo aliouita Gyrophora, kwa sababu sakafu ya vikombe vyake ina mifereji iliyojizungusha. Jina hilo linatukumbusha jambo linalowahusu wanajeshi. Baina ya mwaka 1819 na 1822 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, John Franklin, aliongoza msafara wa nchi kavu kaskazini mwa Kanada. Chakula kiliwaishia. Watu wake walibandua likeni hizo za miamba wakazichemsha, na wakatafuna ngozi za viatu vyao. Katika watu 20 waliokuwa katika msafara huo, 11 walikufa. Likeni hizo si chakula kizuri, nazo huweza kulisumbua tumbo, lakini waliobaki hai zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowafikisha kwenye msaada.

VITABU VIKUBWA NA MWISHO WA UHAI

Sifa za daktari wa Vadstena zilienea. Wataalamu wa nchi mbalimbali walimpelekea vifurushi vya likeni na kumtaka shauri. Baadhi ya likeni za nchi za joto alizozieleza zilitokana na magome ya miti ya dawa yaliyosafirishwa Ulaya. Mtu mwingine angaliliona gome lile kuwa bidhaa ya duka la dawa na kuishia hapo. Acharius aliona kwamba juu ya bidhaa ile palikuwa na wasafiri wengine waliokuja bila ya kuitwa.

Mwaka 1810 kilichapishwa huko Göttingen, katika Ujerumani, kitabu chake kikubwa kuliko vyote, Lichenographia universalis, kilichokusudiwa kukusanya likeni za dunia yote zilizojulikana wakati ule. Likeni ambazo Linnaeus alizihesabu kwa makumi, Acharius alizieleza kwa mamia. Mwaka 1814 alitoa muhtasari wake, Synopsis methodica lichenum, ili wenye kazi wapate kitabu cha mkononi. Miaka hiyo haikuwa ya amani. Vita vya Napoleon vilikuwa vikiitikisa Ulaya, na mwaka 1809 Sweden ilipoteza nchi ya Finland kwa Urusi. Barua na vifurushi vya elimu vilipita katikati ya majeshi.

Daktari Acharius alifariki Vadstena tarehe 14 Agosti 1819, akiwa na umri wa miaka 61. Mkusanyiko wake wa likeni ulitawanyika katika miji kadhaa, na sehemu iliyo kubwa imehifadhiwa mpaka leo huko Helsinki, mji mkuu wa Finland. Mtaalamu anayetaka kuhakikisha jina la likeni fulani huweza kukitazama kipande kile kile alichokishika Acharius kwa mkono wake, miaka zaidi ya 200 iliyopita. Ushahidi ulihifadhiwa vizuri, kwa hiyo kesi inaweza kufunguliwa tena wakati wo wote.

TUFANI ILIYOKUJA BAADAYE

Acharius hakuwa na darubini za kumwonyesha yaliyomo ndani ya kikombe kama tunavyoyaona leo, na upangaji wake haukujengwa juu ya vijimbegu visivyoonekana kwa jicho. Kazi hiyo ilifanywa na kizazi kilichofuata, kwa vyombo vilivyo bora. Wao waligundua kwamba sakafu ya kikombe imejengwa kwa vijifuko vilivyosimama wima kama askari kwenye gwaride. Ndani ya kila kijifuko mara nyingi mna vijimbegu 8. Mvua inyeshapo, vijifuko hujaa maji, shinikizo huongezeka, ncha hufunguka, na vijimbegu hurushwa nje hewani ili upepo uvichukue. Umbo la kikombe kilicho wazi huwezesha maelfu ya vijifuko kufyatua kutoka katika eneo dogo.

Kisha mwaka 1867 mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alitangaza jambo lililowashtua wengi. Alisema kuwa likeni si kiumbe kimoja. Ni kuvu na mwani mdogo mno wa kijani vinavyoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe na kuhifadhi maji, na mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wataalamu wakubwa wa likeni walikasirika. Miongoni mwao alikuwamo William Nylander wa Finland, ambaye mwaka 1866 alikuwa ameonyesha kwamba likeni za Paris hutoweka mahali penye hewa chafu. Nylander alilipinga wazo la Schwendener mpaka kufa kwake mwaka 1899. Yeye na wenzake walihofia kuwa kazi yote ya Acharius na waliomfuata ingebomoka, kwa maana walikuwa wamevipa majina viumbe ambavyo havikuwapo kama walivyodhani.

Schwendener alishinda, lakini kazi ya Acharius haikubomoka, na sababu yake ni kikombe. Ilibainika kwamba apothesia ni mali ya kuvu peke yake. Mwani hauna vikombe. Vijimbegu vinavyorushwa kutoka humo ni vya kuvu tu, navyo vikitua mahali papya hapana budi vikutane na mwani wa kufaa, ama sivyo havitaweza kujenga likeni mpya. Ni ule unga wa soredia, na vipande vinavyovunjika, vinavyosafiri na washirika wote wawili pamoja. Basi Acharius, kwa kuchagua kikombe kuwa alama ya kwanza, alikuwa amewapanga kuvu wa likeni bila ya yeye kujua. Hata ule ukingo wa Lecanora ukapata maana mpya. Ndani yake mna mwani, na katika ukingo wa Lecidea hamna. Siku hizi kanuni za kimataifa za majina ya viumbe zinaagiza kwamba jina la likeni lihesabiwe kuwa ni jina la kuvu aliyemo.

Hatusemi kwamba hakukosea. Koo nyingi alizozipanga zimegawanywa tena na wataalamu wa baadaye, hasa baada ya kupatikana njia za kupima urithi wa viumbe katika maabara. Aina za likeni zinazojulikana sasa hukadiriwa kuwa karibu 20,000, idadi ambayo hakuweza kuiota. Lakini katika daftari za elimu hiyo, herufi tatu za kifupi cha jina lake, Ach., zingali zimeandikwa mbele ya mamia ya majina, kwa maana ya kwamba yeye ndiye shahidi wa kwanza au mpangaji wa kiumbe hicho.

ACHARIUS NA AFRIKA MASHARIKI

Hakupata kufika Afrika. Hata hivyo uhusiano wake na bara hili haukuishia kwenye tasnifu ya ujana wake. Thunberg, yule yule aliyedhani kuwa Hydnora ni uyoga, alichukua mmea mdogo wa kusini mwa Afrika akauita Acharia kwa heshima ya mwenzake. Kutokana na jina hilo jamii nzima ya mimea iliitwa Achariaceae. Katika jamii hiyo, kama inavyopangwa sasa, mmo miti ya misitu ya Afrika Mashariki, kama vile Rawsonia lucida. Askari anayepita doria chini ya mti huo anapita chini ya jina la daktari wa Vadstena.

Likeni zenyewe ziliwahi kuwa bidhaa ya pwani yetu. Katika karne ya 19, likeni za ukoo wa Roccella zilizoota juu ya miti na miamba karibu na bahari zilikusanywa, zikafungwa mizigo, zikasafirishwa Ulaya kupitia Unguja ili kutengenezwa rangi ya zambarau ya kutilia nguo. Likeni za namna hiyo ndizo pia zilizotoa rangi ya litmasi, ile karatasi ya maabara inayogeuka nyekundu katika asidi na buluu katika magadi. Biashara hiyo ilififia baada ya viwanda kutengeneza rangi kwa madawa.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumepangiwa vituo ambavyo hatukuvichagua. Vingine viko mpakani, vingine milimani, vingine katika miji isiyotajwa katika habari. Ni rahisi kudhani kuwa kazi ya maana hufanywa makao makuu tu, na kwamba aliye mbali hana ila kungoja uhamisho. Maisha ya Acharius hayatoi ushahidi wa jambo hilo. Alitimiza wajibu alioajiriwa kwa ajili yake, na katika saa zilizobaki alichukua kitu kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu, kilichodharauliwa hata na mwalimu wake mkuu, akakitazama kwa utaratibu, akaandika alichokiona, akahifadhi vielelezo. Hakuwa na ukweli wote. Lakini kwa kuwa aliandika kwa uaminifu na kuhifadhi ushahidi, waliokuja nyuma yake waliweza kumsahihisha bila ya kuanza upya.

Anayetaka kumkumbuka hana haja ya kusafiri mpaka Sweden. Baada ya mvua, atafute jiwe lenye mabaka au gome la mti mkongwe, na kioo cha kukuzia kama kipo. Atazame sakafu ya kila kikombe, kisha auangalie ukingo wake, kama una rangi ya mwili wa likeni au rangi yake yenyewe.